Mbega wetu wa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi kazi yangu ni kutembeza wageni msituni kule Amani, wilaya ya Muheza, ila nikishuka mjini Tanga kununua mahitaji ndo naulizwa maswali kuliko hata huko msituni, kwenye daladala, barazani kwa watu, juzi hata msibani mtu kanivuta pembeni anauliza "hivi yule mbega wenu anauma?" Nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja. Mengine ni ya kuchekesha, nimeyaacha hivohivo.

Mbega ndo nyani gani huyo?

Sio nyani bana. Huku kwetu mtu akiona kitu chochote chenye mkia juu ya mti anasema nyani, au kima, imeisha hiyo. Tuelewane kwanza maana hapa ndo ugomvi wote unapoanzia. Nyani ni yule mkubwa wa rangi ya vumbi, anatembea chini na jeshi lake, unamkuta kakaa pembeni ya lami anasubiri abiria warushe maganda. Tumbili ni mdogo, kijivu, uso mweusi, mjanja kupita maelezo. Kima ni mnene kidogo, mweusimweusi ana weupe kooni, huyu ndo anaingia jikoni kwa mama anafunua sufuria. Komba ni wa usiku, macho kama taa. Mbega ni mwingine kabisa, mweusi tii, ana nywele ndefu nyeupe zinazunguka uso na nyingine zinashuka mabegani kama mzee kavaa joho anaenda kwenye nikaha, na mkia mrefu kuliko mwili wake, ncha yake nyeupe. Ukipita chini ya mti ukaona mikia minne mitano inaning'inia kama kamba, inua kichwa polepole, ndo wenyewe hao.

Wataalamu wanamwita Colobus angolensis palliatus. Hilo la mwisho ni Kilatini, maana yake aliyevaa joho, kwa hiyo hata wao waliona tunachokiona sisi.

Sasa kama ni wa kwetu mbona anaitwa mbega wa Angola?

Kwa sababu aliyeandikwa kwanza kwenye vitabu vya sayansi alitokea Angola, mwaka 1860, mzungu mmoja anaitwa Sclater ndo alimwandika. Wa kwetu akaandikwa na mwingine, Peters, mwaka 1868, lakini jina la ukoo likawa limeshawekwa. Ni kama mtu anazaliwa Pangani anaitwa Mombasa kisa babu yake. Ukoo mzima umetapakaa toka Angola, Kongo, mpaka Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, sisi na Kenya, ila huyu mwenye joho ni wa mashariki tu, misitu ya pwani na milima ya mashariki ya Tanzania na kile kipande cha kusini mashariki mwa Kenya. Yani ni mtu wa pwani kama sisi.

Ni kweli hana dole gumba?

Kweli. Ana vidole vinne mkononi na pale pa gumba pana kinundu tu. Hata hilo jina kolobus limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa. Hajakatwa na mtu, kazaliwa hivo. Vile vidole vinne vinafanya kazi kama ndoano, anatua kwenye tawi anajikwamisha nalo halafu anajirusha tena, hana haja ya kushika sana. Mimi nilimwona mmoja anaruka kutoka mti mrefu kwenda mwingine chini yake, pengo kubwa tu, kanyoosha mikono mbele, nywele zote zimefumuka kama mwavuli, akatua kwenye majani kwa kifua, kelele kama mtu kadondosha gunia. Nikasema huyu kafa. Baada ya sekunde mbili anakula.

Anakula nini?

Majani. Hili ndo jibu fupi ila utamu uko kwenye jibu refu kwa hiyo nivumilieni.

Majani ni chakula kibaya ukifikiria. Yamejaa nyuzinyuzi, nguvu kidogo, na miti mingi inaweka sumu kwenye majani yake makusudi isiliwe. Ndo maana nyani na tumbili hawashindii majani, wanataka matunda, mbegu, mahindi yako. Mbega yeye kaamua kula kile ambacho wengine wanakidharau, na kuweza hivo anahitaji tumbo la aina yake. Tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba, na chumba cha mwanzo ni kikubwa kama pipa la pombe ya kienyeji, mle ndani kuna bakteria mamilioni wanachachusha yale majani kabla hata hayajafika kwenye tumbo la kusaga kabisa. Ni kazi ileile ya ng'ombe na mbuzi, tofauti yeye hacheui. Wale bakteria wanavunja nyuzinyuzi na baadhi ya sumu, na wenyewe pia wanakuja kumeng'enywa wanakuwa protini. Ukimwona ana kitambi usidhani ameshiba mbaya, ni gesi na majani yaliyoloweka. Na anabeua, ukikaa karibu na kundi lililopumzika mchana utasikia, wala hawaoni aibu.

Halafu anachagua. Anapenda majani machanga, yale mekundumekundu au kijani mpauko yaliyotoka juzi, kwa sababu yana protini zaidi na ugumu kidogo. Majani mazee anakula ikibidi. Anakula pia matunda mabichi, mbegu, vichipukizi, maua. Kwa hiyo sio mti wowote tu unamfaa, anahitaji msitu wenye miti ya aina nyingi, ambapo huu ukimaliza kuchipua ule nao unaanza. Ukimpandia mikaratusi ekari mia hujamsaidia kitu, atakuangalia tu.

Kwa kula hivo nguvu inakuwa ndogo, ndo maana zaidi ya nusu ya mchana wamelala au wamekaa tu. Wageni wanalalamika, "guide, mbona hawafanyi kitu?" Wanafanya. Wanachachusha.

Naweza kumpa ndizi?

Usimpe. Sio roho mbaya, ni lile tumbo. Tunda tamu lililoiva sukari yake inachachuka haraka mle ndani, asidi inapanda, wale bakteria wanavurugika, mnyama anavimba na anaweza kufa. Mkate, biskuti, chapati, hivohivo. Kima ukimpa ndizi atakula na kesho atakuja kukuibia nyingine. Mbega ukimpa ndizi unaweza kuwa umemuua huku unacheka na simu mkononi.

Anakula mahindi yangu, nifanyeje?

Haya. Hapa nitasimulia kisa maana nimekisikia kwa watu wengi na mara nyingi kinaishia palepale.

Kuna mzee mmoja jirani na msitu, Mbondei, namheshimu sana, siku moja nampa shikamoo anaitikia kwa hasira, "marahaba mwanangu, hao mbega wako wamenimalizia shamba." Nikamuuliza umewaona babu? Akasema nimewaona, weusi, wana mikia. Nikamwomba tulale shambani. Tukakaa kwenye dungu toka saa kumi na moja alfajiri, baridi kali, mzee ana kombeo na mimi nina chupa ya chai. Saa moja na nusu mbega wakatokea kweli, kundi la saba, wakapita kwenye miti ya mpakani, wakakaa juu ya mti mmoja unaochipua wakaanza kula majani. Mzee akanigusa bega, "umewaona?" Nikamwambia subiri. Kama nusu saa hivi wako kulekule juu, hata hawakuangalia chini. Mara mahindi yakaanza kutikisika upande wa pili kabisa, upande wa mto. Tumbili, kama kumi na tano, wanavunja hindi wanabeba mawili wanatupa moja. Mzee akasimama akatukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Yani mbega anaonekana kwa sababu ni mkubwa, ana rangi, na hajui kujificha, ndo anabeba kesi. Mwizi mwenyewe ni mdogo na kapita chini. Sisemi mbega hajawahi kugusa shamba hata siku moja, majani machanga ya maharage anaweza kuonja kama shamba liko chini ya mti wake kabisa, ila ukilinganisha na tumbili, nyani na nguruwe pori, hesabu yake haifiki hata robo. Kabla hujaita vijana na mbwa, lala shambani siku moja uone.

Kwa mahindi dawa ni mlinzi asubuhi na jioni, na ukiweza mstari wa mpakani panda kitu wasichokipenda, pilipili au chai. Mzee wangu sasa hivi kapanda pilipili na anaiuza pia.

Kwa nini mtoto wao ni mweupe? Ni albino?

Hapana, wote wanazaliwa weupe. Mweupe pee, uso wa pinki, kama kitambaa kimetundikwa kifuani kwa mama. Miezi mitatu minne hivi ndo anakuwa kageuka rangi ya wakubwa, na katikati hapo anapita kwenye kijivu fulani kama amemwagiwa majivu.

Kitu kizuri zaidi ni jinsi wanavyomlea. Mama anazaa mtoto mmoja, na mashangazi na dada zake wote wanataka kumpakata. Mwaka jana pale juu ya Sigi, kwenye lango la hifadhi ya Amani, nilikaa naangalia mtoto mmoja wa kama wiki mbili anapitishwa kwa majike watatu, wa kwanza kamshika vizuri, wa pili kamshika kichwa chini miguu juu, mtoto analia kama paka, mama wala hajashtuka, anakula. Wa tatu alikuwa binti mdogo hajazaa, alimkumbatia akakaa naye hivo hajui afanye nini, anamwangalia tu. Mama alipomaliza tawi lake akaja akamchukua bila maneno. Mgeni niliyekuwa naye, dada mmoja wa Bagamoyo, akasema "kama kwetu tu, mwali kapewa mtoto wa dada yake."

Kundi moja lina wangapi?

Huku kwetu wachache, kuanzia wawili watatu mpaka kama ishirini hivi, mara nyingi dume mmoja au wachache na majike na watoto. Lakini ndugu zao wa msitu wa Nyungwe kule Rwanda wanatembea kundi la zaidi ya mia tatu, hebu fikiria mia tatu. Dume mkubwa anafika kilo kumi hivi, jike chini ya hapo.

Ile ngurumo ya alfajiri ni ya mnyama gani? Watoto wanaogopa.

Ni yeye. Watu wanadhani chui. Dume linanguruma, sauti nzito ya kukwaruza kama pikipiki mbovu inakataa kuwaka, rrro-rrro-rrro, na dume la kundi lingine ng'ambo ya bonde linajibu. Anawaambia wenzake mimi niko hapa na mti huu una mwenyewe. Ni njia ya kugombana bila kushikana, mnyama anayeishi kwa majani hana nguvu za kupoteza kwenye ngumi. Ananguruma pia akimwona chui, au yule tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, ambaye ndo adui yake hasa huko juu ukimtoa binadamu.

Hivi kweli yuko hatarini? Mbona nikienda Amani nawaona kila siku?

Hili swali nalipenda. Kwenye ile Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini, yuko kwenye ngazi ya kwanza kati ya zile tatu za hatari, bado hajafika kwenye zile mbili mbaya zaidi. Kigezo kimojawapo cha kuwekwa hapo ni idadi kupungua kwa asilimia 30 au zaidi ndani ya vizazi vitatu. Kwa hiyo haimaanishi wamebaki kumi, inamaanisha wanapungua na sababu ya kupungua haijaondoka.

Unawaona Amani kwa sababu Amani pamebaki msitu. Hifadhi ile ilitangazwa 1997, ina kama hekta 8,380, ndo hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini na iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Toka nje ya mpaka kidogo uone. Shida ya mbega sio tu eneo kupungua, shida ni kukatikatika. Yeye ni mnyama wa juu. Nyani ukimkatia msitu katikati ukapanda chai au mihogo anashuka anatembea anavuka, hana habari. Mbega pengo la mita mia mbili kwake ni kama bahari. Anaweza kushuka chini akavuka, nimewaona wanavuka barabara ya chai wanakimbia kwa kurukaruka kizembe hivi, na hapo ndo mbwa wanawapata. Wengi hawavuki. Wanabaki kwenye kakipande kao, dume mmoja majike matatu, wanazaana ndugu kwa ndugu, mti wa chakula ukikatwa hamna mwingine, na siku moja unapita hapo unakuta kimya.

Ndo maana kulikuwa na mvutano ule wa Derema. Ule ulikuwa ukanda wa msitu unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, watu walikuwa wanalima iliki chini ya miti, ikaamuliwa uwe hifadhi na wakulima walipwe fidia watoke. Kwa mbega na wanyama wengine ule ushoroba ni uhai. Kwa mtu aliyekuwa anasomesha watoto kwa iliki ni maumivu, na fidia ilileta manung'uniko mengi, mimi nawajua watu mpaka leo ukitaja Derema wanabadilika sura. Sitaki kujifanya hilo halipo.

Upande wa Bagamoyo na Chalinze kitu kikubwa ni mkaa. Dar inapika kwa mkaa na misitu ya pwani ndo iko karibu. Msitu wa Zaraninge una bahati, uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani ilipotangazwa 2005, kwa hiyo mbega wa mle wana askari. Vile vimsitu vidogo vya vijiji vilivyozunguka ndo vinakwenda na magunia.

Sasa mbega akiisha mimi mtu wa mjini napungukiwa nini?

Fungua bomba. Maji ya jiji la Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, bwawa liko kwenye mto Zigi, na Zigi unaanzia huko huko milimani anakoishi mbega. Msitu usiomfaa mbega, wa miti michache iliyosimama mbalimbali, hata maji hauyashiki vizuri, mvua ikinyesha udongo wote unashuka bwawani. Sio kwamba mbega analeta maji, tusidanganyane. Ila vyote viwili vinataka kitu kimoja, miti mikubwa iliyoshikana.

Ni huyohuyo wa Jozani? Na yule wa Kilimanjaro? Na kipunji?

Hapana mara tatu. Wa Jozani, Unguja, ni kima punju, mwekundu mgongoni, nywele zimesimama kama hajachana, anapatikana Zanzibar tu na hali yake ni mbaya zaidi ya huyu wetu. Ni ndugu, naye ni mla majani hana gumba, ana vituko vyake, anakula mkaa! Mashambani kule anakula sana majani ya miembe na mikungu ambayo yana sumusumu, akiona mkaa kwenye tanuru au kisiki kilichoungua anaguguna, inaaminika unanyonya ile sumu tumboni kama dawa ya mkaa ya hospitali.

Wa Kilimanjaro na Meru ni mbega pia ila mwingine, yule mwenye shuka jeupe linalozunguka mgongo mzima na mkia kama ufagio mweupe. Huyu wetu ana nywele za mabegani tu. Wageni wengi wanachanganya na hata mabango mengine ya hoteli yamechanganya, wamebandika picha ya wa Meru wakaandika Usambara.

Kipunji wala sio mbega. Ni wa Rungwe na Udzungwa, amejulikana kwa wanasayansi juzijuzi tu miaka ya 2000, na kwa damu yuko karibu zaidi na nyani.

Na Mbegha wa Wakilindi je?

Haha, hili lazima niulizwe na Msambaa. Mbegha alikuwa mtu, mwindaji aliyetokea Ngulu anasaka nguruwe pori, akawagawia watu nyama, akaua simba, wakampa utawala, na ukoo wake wa Kilindi ukakaa Vugha, makao makuu yao kule Usambara, vizazi na vizazi. Majina yamekaribiana tu, mimi siunganishi. Ila mzee mmoja wa Lushoto aliniambia kwa uso mkavu kabisa, "yule wa mtini naye ana joho, unadhani kalipata wapi?"

Nyama yake inaliwa? Na ngozi?

Wapo wanaokula, hasa milimani, na zamani ngozi zake zilitumika kwenye ngoma na mavazi ya wakubwa, na ngozi za mbega zilisafirishwa sana kwenda Ulaya kushonea makoti ya kina mama. Leo kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kukutwa na ngozi, hata ile ya urithi kwenye sanduku la babu, kunaweza kukuletea kesi. Kama unayo nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya kaulize utaratibu kabla hujaulizwa wewe. Biashara ya nje nayo inabanwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Nimeokota mtoto wa mbega, nimfuge?

Usimfuge, mpeleke au toa taarifa kwa TFS, TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au TANAPA (hifadhi za taifa), yeyote aliye karibu nawe. Na kabla ya kuokota subiri kwanza, kaa mbali nusu saa, mara nyingi mama yuko juu anakuogopa wewe. Maziwa ya ng'ombe hayamfai, na hata akipona hilo tumbo lake linahitaji wale bakteria ambao anawapata kwa kukaa na wenzake. Watu wameshawahi kunipigia wananiambia "anakunywa uji vizuri tu", siku ya nne wananipigia tena.

Akikuuma, maana ana meno ya chonge makali, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu halafu wahi hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mnyama. Ila huyu hakuumi mpaka umemkamata.

Nyaya za umeme zinawaua?

Zinawaua. Yeye anaona waya ni tawi. Waya mmoja haumfanyi kitu, akigusa mbili kwa pamoja, au waya na nguzo, kaisha. Kuna sehemu mpakani mwa msitu niliwahi kukuta jike limeungua, mtoto bado kashikilia, tukatoa taarifa tukaambiwa tuandike barua, tukaandika. Kinachosaidia ni kukata matawi yaliyo karibu na nyaya na kuzivalisha plastiki. Majirani zetu wa Diani, Kenya, ambako mbega wanaishi katikati ya mahoteli, wametundika ngazi za kamba juu ya barabara kutoka mti mpaka mti na mbega wanapita juu huku magari yanapita chini. Sio teknolojia kubwa, ni kamba, mabomba na mtu wa kupanda mti. Huku kwetu pale barabara ya chai zingetosha mbili tatu tu.

Nikitaka kuwaona niende wapi na saa ngapi?

Rahisi zaidi ni Amani. Unatoka Tanga mpaka Muheza kwa lami, halafu unapanda milimani kama kilomita 35, lango liko Sigi, pale palipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani. Ukiwa na roho ya milima nenda Magamba, juu ya Lushoto. Ukiwa Bagamoyo au Dar nenda Zaraninge kwa kupitia Saadani, mle wako wa msitu wa pwani, chini chini, unawaona bila kuvunja shingo.

Ile ya "Tanga, waja leo waondoka leo" hapa haifai. Ukija asubuhi unaondoka jioni utawakuta saa sita mchana, saa ambayo wamelala na wewe una jasho. Lala Amani, amka saa kumi na moja, sikiliza ngurumo ilikotoka, fuata polepole. Asubuhi wanaota jua kwenye vilele, kifua wazi, ndo picha nzuri zinapatikana. Jioni toka saa kumi wanakula tena.

Usipige miluzi, usitikise mti, usirushe mawe ili wageuke. Njoo na koti la mvua hata kama Tanga mjini jua kali, Amani inanyesha inavyotaka yenyewe, na viatu visivyoteleza, maana udongo wetu mwekundu ukilowa hauna ndugu.